Beringi za Mazda Roadster: ununue ipi, na nani akufungie

Mvumo huanza taratibu. Umepita Bunju unaelekea Bagamoyo, paa umelikunja, gari liko kilomita 70 kwa saa, unasikia kitu kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Ukikanyaga mafuta sauti inapanda, ukiachia inashuka, ukitoa gia haibadiliki. Wiki ya kwanza unasingizia tairi. Mwezi wa pili abiria naye anauliza ni nini hicho.

Mimi nina Roadster ya kizazi cha pili, NB, na beringi zake zote nne za magurudumu zimeshapita mikononi mwangu. Mbili kati ya hizo nimezibadilisha mara mbili: moja iliuliwa na maji, nyingine iliuliwa na nyundo. Ndiyo maana mtu akiniuliza "ninunue beringi gani?" namuuliza kwanza: ya mbele au ya nyuma? Kwenye gari hili hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Uamuzi unaofaa mbele ukiupeleka nyuma unaweza kukutia hasara.

Kwa asiyelijua, ni gari dogo la watu wawili ambalo Mazda walilitoa mwaka 1989. Japani liliitwa Eunos Roadster, kwingine MX-5, na Wamarekani wamelizoea kwa jina la Miata. Kizazi cha kwanza, NA, katika toleo lake la mwanzo hakifiki tani moja. NB iliyotoka 1998 inacheza kwenye tani moja na kidogo. Ninayoyaandika hapa yanahusu NA na NB. Mwenye NC, iliyoanza 2005, ana nafuu kubwa, maana habu zake (vitovu vya magurudumu, ndimo beringi hukaa) hufungwa kwa bolti mbele na nyuma na haziingii kwenye presi (mashine ya kushindilia). Yeye asome ninayosema kuhusu feki, mengine ayaruke.

Kabla hujatoa hata shilingi

Hakikisha kwanza ni beringi. Tairi iliyoliwa kwa mawimbi huvuma vilevile, na nimeona mtu amenunua habu mbili wakati tatizo lilikuwa mpira. Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, zikiwa upande uleule, uende barabarani. Sauti ikihama nazo, ni tairi. Ikibaki pale pale, endelea na uchunguzi.

Pili, pinda taratibu kulia na kushoto kwenye barabara pana isiyo na magari. Ukipinda kulia uzito wa gari unaegemea kushoto, kwa hiyo sauti ikikua ukipinda kulia, shuku ya kushoto. Halafu inua gari, uliweke juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi), gia iwe huru. Shika springi kwa mkono mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Beringi nzima haikupi kitu. Mbovu utaihisi kwenye vidole kama mchanga unaosagwa, hata kama sikio halisikii chochote.

Tatu, shika tairi juu na chini, tikisa. Kukiwa na mchezo, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ulikuwa wa beringi, kwa sababu breki imeifunga habu na nako (kile chuma kikubwa kinachobeba gurudumu) kuwa kitu kimoja. Ukibaki, tafuta kwenye boli-jointi na busha, yaani viungio vya chini ya gari. Jambo hili la breki ni la dakika moja, nami siachi kulifanya.

Kwa nini huku kwetu huisha mapema

Beringi ya gari jepesi ni ndogo, imepimwa kwa uzito mdogo, na haivumilii mambo matatu ambayo sisi tunayo kwa wingi. La kwanza ni matuta na mashimo, lakini hilo kila mtu analijua. La pili ni rimu. Mtu anafunga rimu pana zilizotokeza nje, au anaweka spesa ili gari "lisimame vizuri". Kila sentimita unayoisogeza tairi nje ni mkono mrefu zaidi unaoikunja beringi ndani ya habu. Ukishafanya hivyo, usishangae beringi mpya ikivuma kabla ya pedi za breki kuisha.

La tatu ni maji. Roadster inakaa chini, na masika Jangwani ikijaa, maji yanayofika nusu ya tairi ya daladala kwako yanazidi katikati ya habu. Beringi ikiwa ya moto ikazamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na maji hunyonywa kupita kwenye sili (mpira wa kuzuia maji na vumbi). Grisi inageuka rangi ya maziwa. Hailii siku hiyo. Inalia baada ya miezi miwili, wakati umeshasahau mvua. Beringi yangu ya kwanza ya mbele kushoto ilikufa hivyo, na habu nilipoivuta, badala ya grisi ilitoa uji wa kahawia wenye harufu ya kutu.

Mbele: nunua habu nzima, ufunge mwenyewe

Roadster husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mbele hakuna shafti inayopita katikati ya habu. Kuna mhimili mfupi uliotokeza kwenye nako, habu inauvaa, nati moja kubwa inaibana. Beringi imejengwa ndani ya habu, unabadilisha vyote pamoja.

Kazi yenyewe haitishi. Toa gurudumu, fungua kalipa ya breki na uining'inize kwa waya kwenye springi, usiiache ikaning'inia kwa paipu yake. Toa disiki, gongoa kofia ya grisi, nyoosha ule ukingo wa nati uliobinywa kwenye mfereji wa mhimili. Spana boksi ya milimita 29 na bomba refu, nati inaachia. Habu unaivuta kwa mikono. Mara nyingine pete ya ndani ya beringi inabaki imeng'ang'ania mhimili. Hapo tumia pula (chombo cha kuvutia), na ukikosa, patasi kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mkwaruzo kwenye mhimili utaila habu mpya. Ukimaliza, nati mpya, ikazwe kwa Nm 167 hadi 216 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha binya ukingo wake. Nati ya zamani usiirudishe. Ikishabinywa na kunyooshwa imekwisha kazi. Mtu asiye na haraka anamaliza upande mmoja ndani ya saa mbili.

Ulinganisho wa mbele basi ni wa unachonunua. Ya kwanza ni habu jenuini ya Mazda. Inadumu, inakaa sawasawa, na bei yake ni mara mbili au tatu ya nyingine, pamoja na kusubiri iagizwe. Ya pili ni habu yenye beringi ya kampuni inayojulikana kwa beringi, kama NSK, NTN, Koyo, SKF au Timken. Mimi huchukua hii, na sioni tofauti barabarani. Ya tatu ni habu ya boksi jeupe isiyo na jina. Nimeifunga moja kwenye gari la rafiki aliyekuwa amebanwa na pesa, nikamwambia wazi kwamba ni ya kumfikisha mwisho wa mwaka. Ilimfikisha, kwa shida.

Ya nne ni habu ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa, na hii naikataa bila kusita. Ndani huwezi kuona. Umri wake ni sawa na wa ile unayoitupa. Na kama gari lile lilitoka mikoa ya kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, sili zake zimeteseka kuliko zako.

Ipo pia njia ya grisi. Wanaoshindana Marekani kwenye daraja la Spec Miata huichukulia habu ya mbele kama kitu cha kuisha, kama pedi, kwa sababu joto la breki na kona kali huimaliza haraka. Wengi wao hufungua habu ingali mpya, huosha grisi ya kiwandani na kujaza inayostahimili joto zaidi. Kwa gari la barabarani sioni haja, isipokuwa kama gari limezama na bado halijalia. Hapo, ukiwahi ndani ya siku chache, kuosha na kujaza grisi mpya kunaweza kuiokoa. Ikishaanza kuvuma, grisi haiponyi kitu: njia ya gololi imeshachimbika.

Angalia jambo moja kabla ya kulipa: habu za gari lenye ABS (breki zinazozuia tairi kuganda) zina ringi ya meno inayosomwa na sensa, na za gari lisilo na ABS hazina. Ukichukua isiyo na meno, taa ya ABS itawaka na kubaki imewaka. Ukichukua yenye meno kwa gari lisilo na ABS, hakuna kitakachoharibika.

Na kuna "dawa" moja ya gereji ambayo lazima niitaje: kukaza nati zaidi ili mchezo upotee. Mchezo unapotea kweli, siku hiyo. Lakini chuma kilichokwisha kulika hakirudi kwa kubanwa. Unachofanya ni kuongeza joto. Ukiambiwa imepona kwa spana, omba urudishiwe gari lako.

Nyuma ndiko kwenye kazi

Nyuma mambo yanageuka. Beringi ni kipande kimoja cha duara kilichoshindiliwa kwa nguvu ndani ya tundu la nako, habu imeshindiliwa ndani ya beringi, na shafti yenye meno inapita katikati ya habu na kufungwa kwa nati ya 29. Huwezi kuitoa beringi bila kuitenga habu, na ukiitenga habu beringi imeshaharibika, kwa sababu nguvu imepita kwenye gololi. Kwa hiyo hakuna "kufungua tuangalie". Ukifungua, umeamua.

Njia ni nne.

Nyundo ndiyo ya bei ndogo na ndiyo iliyoniumiza. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka gari kwa fundi aliyekuwa hodari wa injini, nikamuuliza:

"Fundi, presi unayo?"

"Bosi, hii haihitaji presi. Beringi ya zamani ndiyo chombo chenyewe. Tunaiweka juu ya mpya, tunagonga pole pole mpaka inakaa."

Alimaliza mchana mmoja, bei nzuri, gari likatulia. Baada ya wiki tatu mvumo ulirudi, safari hii ukiwa mkavu zaidi. Niliitoa ile beringi, nikaipasua pete yake ya nje kwa grenda, nikaiosha kwa mafuta ya taa na kuishika juani. Njia ya gololi, ambayo inatakiwa kung'aa kama kioo pande zote, ilikuwa na vishimo vidogo, vimepangana kwa umbali uleule, kimoja kwa kila gololi, kama alama za ncha za vidole kwenye unga uliokandwa. Vilikuwa upande mmoja tu wa njia, upande ule ambako habu iliingizwa. Ukipitisha ukucha unauhisi kila mmoja.

Sababu ni hii. Gololi hugusa njia yake kwenye kidoa kidogo kabisa. Gurudumu likizunguka, mzigo unagawanyika kwa gololi nyingi na unahama kila wakati. Ukigonga habu iingie kwenye beringi bila kushikilia pete ya ndani kwa nyuma, nguvu ya kila pigo inatoka pete ya ndani, inapita kwenye gololi, inaingia pete ya nje, kwenye vidoa vilevile, gurudumu likiwa limesimama. Beringi imeshaumia kabla ya kutembea hata mita moja. Fundi yule hakuwa na nia mbaya. Alifanya walivyomfundisha, na kwenye magari mengi makubwa labda sauti ile isingesikika. Kwenye gari jepesi lisilo na mazulia mazito wala dari, unaisikia yote.

Presi ni njia ya pili na ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu. Unatoa nako nzima kwenye gari, unaipeleka mezani. Presi ya haidroliki ya tani 20 inaisukuma habu nje kwa utulivu. Pete ya ndani itabaki kwenye habu na itatolewa kwa pula au kukatwa kwa grenda, na hapo mkono usiteleze. Kisha inatolewa pete ya kufungia iliyo kwenye mfereji wa tundu, na beringi inasukumwa nje. Watu husahau ile pete, wanaongeza nguvu, wanapasua nako.

Kuingiza mpya kuna kanuni moja: sukuma pete ile inayobana. Beringi ikiingia kwenye nako, sukuma pete ya nje peke yake. Habu ikiingia kwenye beringi, shikilia pete ya ndani kwa chini. Mpe fundi wa presi kanuni hii kabla hajaanza, na umwone anachagua vikombe (vipande vya kusukumia) vya ukubwa gani. Akichukua bomba lolote lililo karibu, msimamishe. Mimi nina vipande viwili vya bomba nene nilivyochongesha kwa fundi wa mashine kwa kipimo cha pete ya nje na ya ndani, naenda navyo kwenye mfuko. Vimenilipa mara nyingi.

Beringi mpya nailaza kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, halafu asubuhi naisafirisha kwenye kuliboksi la barafu. Chuma kikipoa hunywea kidogo sana, ila kidogo hicho kinatosha kuifanya iingie bila vita. Kwa joto la Dar na unyevu wake, ukiutoa mfuko mapema beringi inatokwa jasho na unapresi kitu kilicholowa. Toa mfuko presi ikiwa tayari, si kabla.

Ubaya wa njia hii hauko kwenye presi, uko kwenye kuitoa nako. Chini yake inapita bolti moja ndefu inayoishika kwenye mkono wa chini, na kwa magari yaliyokaa pwani bolti hiyo hufanya ndoa na busha zake. Ya kwangu upande wa kulia ilichukua siku mbili za kumwagia mafuta ya kulegeza kutu, na bado kichwa kilikatika. Agiza bolti mpya kabla ya kuanza. Usipoitumia itakaa, haiozi. Habari njema ni kwamba mipangilio ya magurudumu haiharibiki, kwa sababu kamu za kupanga (bolti za kurekebisha pembe za magurudumu) ziko ndani, kwenye upande wa mwili wa gari, na hizo huzigusi.

Njia ya tatu ni seti ya bolti ndefu na vikombe vya kuvuta, inayofanya kazi nako ikiwa ndani ya gari. Uzuri wake ni huo huo: ile bolti ndefu ya kutu huigusi. Nimeitumia mara moja, ikafanya kazi. Lakini ni ya mtu mwenye subira, kwa sababu vikombe vikikaa upande kidogo beringi inaingia mshazari na kukwaruza tundu. Seti za bei ya chini nyuzi zake hukatika katikati ya kazi, na hapo una beringi iliyoingia nusu, gari liko kwenye stendi, na duka limefungwa. Kama bolti yako ya chini imeota kutu kiasi cha kukataa kabisa, njia hii ndiyo yako. Kama inatoka, nenda kwenye presi.

Ya nne ni nako nzima ya mtumba, pamoja na habu na beringi yake, unafunga tu kama ilivyo. Wauza spea za kuchinja wataipigia debe sana: "Kaka, hii inatoka Japani, bado mpya kabisa." Ukiizungusha kwa mkono hewani, karibu kila beringi inaonekana nzima, maana haina uzito juu yake. Ninaikubali kwa hali moja: tundu la nako yako limeharibika. Hutokea beringi ya zamani ilipokwama ikazunguka yenyewe ndani ya tundu na kulipanua, au nyundo ilipolitoboa kingo. Hapo nunua nako ya mtumba kama chuma tu, itolewe beringi yake, uingize mpya kwa presi. Ukiifunga na beringi yake iliyokuja nayo, umenunua bahati nasibu, na ikitoka vibaya utaifungua ile bolti ndefu mara ya pili.

Nati ya nyuma inakazwa zaidi ya ya mbele: Nm 216 hadi 294. Usikadirie kwa kusimama juu ya bomba. Nguvu hii ndiyo inayovibana vipande viwili vya pete ya ndani na kuipa beringi mbano wake sahihi. Ikiwa pungufu beringi inacheza, ikizidi inaungua. Kama huna spana ya kupimia, kodi au azima, gereji za tairi nyingi wanayo. Na usiwahi kulitembeza gari, hata kulisukuma uani, huku nati hiyo ikiwa imelegea. Uzito wa gari kwenye beringi isiyobanwa unatosha kuiharibu.

Kwenye NA angalia pia sili. Kama nako yako ina sili zinazokaa peke yake, nunua mpya pamoja na beringi. Ni bei ndogo, na ndizo zitakazosimama kati ya beringi yako na Jangwani.

Feki

Beringi ni bidhaa inayoigwa sana, kwa sababu ni ndogo, ina bei, na ubaya wake hauonekani dukani. Boksi la bluu au la njano lenye jina kubwa halithibitishi chochote. Mimi huomba ifunguliwe palepale kaunta. Maandishi kwenye pete yawe yamechongwa safi, namba ilingane na ya boksi, herufi zisiwe na makosa. Izungushe: mpya yenye grisi ya kutosha inaenda nzito kidogo na laini, ikizunguka kwa wepesi na kukereza, irudishe. SKF wana programu yao ya simu ya kuhakiki, na chama cha watengenezaji wakubwa wa beringi, WBA, nacho kina yake inayosoma alama iliyo kwenye boksi. Muuzaji mwaminifu hachukii ukitoa simu.

Ikiwa uchaguzi umebaki kati ya jina kubwa kwa bei ya kushangaza na jina dogo kwa bei inayoeleweka, mimi nachukua jina dogo. Yule mwenye jina dogo angalau ameweka jina lake.

Nani akufungie

Mbele, fanya mwenyewe ukiwa na jeki, stendi mbili, spana boksi ya 29 na sehemu tambarare yenye kivuli. Nyuma, gawana kazi. Watu wengi hawafikirii njia hii, lakini imenifaa kuliko zote: toa nako mwenyewe nyumbani, kwa muda wako, bila mtu wa kukuharakisha kwenye ile bolti yenye kutu. Halafu panda bajaji nayo mpaka karakana yenye presi. Dar, Gerezani hukosi. Unalipia dakika za presi tu, unasimama pembeni unaona kila kinachofanyika, unarudi kufunga. Ukilipeleka gari zima gereji, huoni kama beringi yako iliingia kwa presi au kwa nyundo. Unakuja kukuta gari limeshashushwa chini.

Kama huwezi kutoa nako, basi swali lako la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Muulize presi iko wapi, akuonyeshe. Akikwambia ataituma kwa jirani, mwombe muende wote. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo, na wa kwangu wa sasa huniita mwenyewe: "Kaka njoo, naanza."

Moja au mbili? Watakuambia ubadilishe pande zote mbili kwa pamoja. Kwa shokapu nakubali, kwa beringi sikubali. Beringi ya kushoto haijui ya kulia ni mpya. Nyuma hasa, kuigusa nzima ni kuihatarisha tundu na bolti bila sababu. Isipokuwa kama gari lilizama: hapo zote nne zilikunywa maji siku moja, nami ningepanga kuzibadilisha zote, nikianza na inayolia.

Baada ya kufunga, kwa kilomita mia za kwanza siweki mzigo wala sikimbizi. Nachukua njia ileile ya Bagamoyo, na nikifika Mapinga nasimama mahali pasipo na mteremko, bila kukanyaga breki sana mwishoni. Naweka kiganja katikati ya kila rimu, moja baada ya nyingine. Mbele mbili zinatakiwa kulingana joto, na nyuma mbili vivyo hivyo. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, nageuza gari na kurudi nyumbani polepole, na kesho yake nafungua upande huo.